Kipuri cha kwanza miaka 11, cha pili miezi minne: Kosa ni la nani?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

UKIPITA asubuhi kwenye gereji za chini ya miti jijini Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Nyakato na Igoma, utasikia malalamiko yanayofanana. Mwenye gari amesimama mikono kiunoni, fundi amelala chini ya gari, na kati yao kuna kipuri ambacho kimefungwa juzi na leo kimekwisha.

Mimi mwenyewe nimesimama hivyo mara tatu katika mwaka mmoja. Gari langu ni Toyota Probox iliyotengenezwa Japan mwaka 2010 na kuingia nchini mwaka 2019. Kazi yake kubwa ni kubeba nyanya na vitunguu kutoka bustani ya familia kando ya Mto Simiyu, wilayani Magu, hadi kwenye masoko ya Mwanza. Bushi za mbele, zile za mkono wa chini unaoshika gurudumu, zilikuja na gari na zikadumu hadi mwishoni mwa mwaka 2021. Hiyo ni miaka 11. Zilizofungwa baada ya hapo zilidumu miezi minne. Zilizofuata miezi minne. Zilizofuata tena, miezi minne.

"Fundi, bushi hizi umenifungia mwezi wa nane tu," nilimwambia siku hiyo ya tatu, nikiwa nimekasirika.

"Mzee, bushi ni mpya, lakini gari lako halikuzaliwa jana," alinijibu akiwa bado chini ya gari.

Wakati ule nilichukulia jibu hilo kuwa ni ujanja wa mafundi. Wiki mbili baadaye, Desemba 2022, nikitoka Magu na matenga 12 ya nyanya, boljointi ya kushoto ilichomoka karibu na Kisesa. Gurudumu lilijikunja chini ya bodi na gari likakaa chini katikati ya barabara. Bahati nzuri nilikuwa nimepunguza mwendo na hakuna aliyeumia. Nyanya zililala njiani, na asubuhi nyingi zilikuwa hazifai hata kwa supu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo wafanyabiashara wengi wenye magari kuukuu wanajiuliza. Kwa nini kipuri cha kwanza kinadumu miaka na cha pili kinadumu miezi? Wengi wetu tuna jibu moja tu, kwamba spea ni feki. Ni kweli spea feki zipo. Hata hivyo, nilipoyachunguza mambo yangu kwa utulivu niligundua kuwa hilo ni moja tu kati ya majibu manne, na kwamba jibu mojawapo lilikuwa mimi mwenyewe.

Gari lilitoka wapi?

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Kanda ya Ziwa yametoka Japan yakiwa yameshatumika. Nchini humo gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na gari likizeeka mmiliki wengi huona ni nafuu kuliuza kuliko kuendelea kulipia matengenezo. Ndiyo maana gari linatufikia likiwa bado na uhai.

Serikali za nchi zetu zimelitazama suala hili kwa namna tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, ilizuia magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haijaweka ukomo wa namna hiyo, badala yake inatoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Matokeo yake ni kwamba mtu wa kipato cha kati anaweza kupata gari, lakini anapata gari ambalo sehemu kubwa ya umri wake imeshaliwa na mwingine.

Tatizo linaanzia hapo. Tunaponunua gari lenye miaka tisa na kulikuta bado kimya barabarani, tunadhani ukimya ule ndio hali yake ya kudumu. Tunasahau kuwa miaka ile tisa lilipita kwenye lami laini, likiwa na mzigo wake halali na likifanyiwa sevisi kwa tarehe. Tunakuja kuvidai vipuri vipya umri ule ule, katika mazingira ambayo si yale tena.

Mpya kati ya zilizochoka

Jibu la pili ndilo alilonipa fundi, na ndilo ambalo wenye magari hatupendi kulisikia. Gari linapotoka kiwandani, bushi ni mpya, shokapu ni mpya, boljointi ni mpya, springi ni mpya na matairi ni mapya. Kila kimoja kinabeba sehemu yake ya kazi. Baada ya miaka kumi vyote vimechoka pamoja. Ukitoa bushi moja na kuweka mpya, umemleta kijana mmoja mwenye nguvu katika kundi la wazee, na mzigo wote utamwangukia yeye.

Tuchukue mfano wa shokapu. Kazi yake ni kutuliza gurudumu lisirukeruke baada ya kupiga shimo. Shokapu iliyokwisha mafuta haitulizi kitu. Gurudumu hudunda mara nyingi badala ya mara moja, na kila mdundo unapigwa kwenye bushi, kwenye boljointi na kwenye tairi. Bushi yenyewe ni mpira uliobanwa kati ya vyuma viwili. Ikipigwa hivyo kutwa, itachanika hata kama imetoka kiwanda bora kuliko vyote.

Gari langu lilikuwa na shokapu za mbele zilizovuja kwa zaidi ya mwaka. Mafuta yalionekana wazi yamechuruzika kwenye bomba lake. Nilikuwa nikiyaona, nikasema hizo zitasubiri mavuno yajayo. Kwa maneno mengine, nilibadilisha bushi mara tatu ili kuepuka kubadilisha shokapu mara moja.

Njia rahisi ya kujua hali ya shokapu ni kubonyeza kona ya gari kwa nguvu na kuachia. Likipanda na kutulia, kuna uhai. Likiendelea kuyumba juu na chini, shokapu imekwisha. Ukiona mafuta yametapakaa kwenye shokapu, huhitaji hata kubonyeza. Na zinabadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, si upande mmoja.

Mzigo na barabara

Jibu la tatu ni kazi tunayolipa gari. Probox ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, ilipangiwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili ndani. Ikiwa na watu watano, mzigo wake unashuka hadi kilo 250. Matenga yangu 12 ya nyanya, kila moja likiwa na kilo 40 hivi, yalikuwa kilo 480. Na huo haukuwa mzigo wa siku moja, ulikuwa mzigo wa kila safari. Anayepakia magunia sita ya mpunga, au anayejaza abiria wa mchomoko hadi kwenye buti, yuko kwenye hesabu hiyo hiyo au mbaya zaidi.

Ongeza na mazingira ya Mwanza yenyewe. Hili ni jiji la miamba. Barabara kuu zina lami, lakini nyumba nyingi ziko milimani, kwenye njia za mawe na makorongo ambayo mvua za vuli na masika huyachimba upya kila mwaka. Gari linaloshuka mlima kila asubuhi na kuupanda kila jioni linatumia breki, klachi na bushi zake kwa kasi ambayo kitabu cha kiwanda hakikuifikiria.

Kwa wanaobeba samaki hali ni ngumu zaidi. Gari linalopeleka dagaa au kayabo katika soko la Kirumba Mwaloni linakumbana na chumvi na maji ya samaki yanayodondoka sakafuni. Chumvi na maji hula chuma kimya kimya, kuanzia sakafu hadi mabomba ya breki. Tabia ya kuosha bodi ili ing'ae na kuacha chini ya gari bila kumwagiwa maji safi imeua magari mengi kuliko ubovu wa spea.

Vivyo hivyo kwa rejeta. Wapo wanaojaza maji ya ziwa au ya bomba mwaka mzima kwa sababu ni ya bure. Maji matupu hutia kutu ndani ya njia za kupoozea injini, uchafu huziba rejeta, injini inachemsha na gasketi ya silinda hedi inaungua. Fundi akibadilisha gasketi bila kusafisha rejeta na bila kupima kama hedi imepinda, gasketi mpya itaungua kwa sababu ile ile, na lawama itakwenda dukani.

Kufunga kwa haraka

Jibu la nne ni la mafundi. Kazi ya bushi inaonekana ndogo, lakini ina mambo matatu ambayo yakikosewa hukata umri wake.

Kwanza, bushi inaingizwa kwa presi, si kwa nyundo. Nyundo hupinda ganda la chuma na kuutenganisha mpira kabla hata gari halijatoka gereji. Gereji ambayo haina presi inaweza kupeleka mkono huo kwenye karakana ya wachonga vyuma ukaingiziwa bushi na kurudishwa.

Pili, mpira wa bushi haupakwi grisi wala oili ya kawaida ili uteleze. Mafuta hayo huulainisha na kuuvimbisha mpira. Maji ya sabuni yanatosha.

Tatu, na hili ndilo wengi hawalijui, boliti za bushi hazikazwi mwisho gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Ukikaza hapo, mpira unashikwa ukiwa katika mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa, mpira unajisokota na kubaki umejisokota saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Bushi ya namna hiyo inachanika mapema. Boliti zinashikizwa kidogo, gari linashushwa likae kwa uzito wake, kisha ndipo zinakazwa kabisa.

Baada ya kazi hiyo gari lipelekwe kupimwa alaimenti. Usipofanya hivyo tairi zitaliwa upande mmoja, na gharama ya tairi mbili inaweza kuzidi ya bushi zenyewe.

Miezi au kilometa?

Kuna jambo lingine linalotupotosha, nalo ni kuhesabu umri wa kipuri kwa miezi. Kipuri hakijui kalenda. Kinajua kilometa, mzigo na mashimo.

Mfano mzuri ni wa wanaokwenda Sengerema na Geita. Kabla ya Juni 2025, kivuko cha Kigongo hadi Busisi kilikuwa kikiwasimamisha madereva kwenye foleni. Baada ya daraja lenye urefu wa kilometa tatu kufunguliwa mwezi huo, kusubiri kumekwisha, na aliyekuwa akifanya safari moja kwa siku anaweza kufanya mbili. Dereva huyo ataona pedi za breki zilizokuwa zikidumu miezi sita zinakwisha kwa mitatu, na atalalamika kuwa spea za siku hizi hazifai. Kumbe pedi zimetembea kilometa zile zile.

Kwa sababu hiyo nilianza kuandika daftari. Kila kipuri kinachofungwa ninaandika tarehe, kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi, bei na duka. Nilipojumlisha mwaka 2022, ambao nilitembea kilometa 18,000, nilipata haya: Bushi mara tatu pamoja na ufundi Sh150,000. Tairi mbili za mbele zilizoliwa upande Sh180,000. Boljointi na kuvutwa kutoka Kisesa Sh140,000. Nyanya zilizoharibika Sh210,000. Jumla ni Sh680,000, sawa na karibu Sh38 kwa kila kilometa.

Januari 2023 nilifunga mikono ya chini miwili mizima yenye bushi na boljointi zake kwa Sh260,000, na shokapu mbili za mbele kwa Sh240,000. Ufundi ulikuwa Sh60,000 na alaimenti Sh30,000. Iliniuma kutoa Sh590,000 kwa mkupuo. Bushi hizo zilitolewa Septemba 2024 zikiwa zimetembea kilometa 30,000, na katika muda huo nilinunua jozi moja ya tairi kwa Sh180,000. Jumla Sh770,000, ambayo ni karibu Sh26 kwa kilometa. Shokapu zilibaki kwenye gari, zikiwa bado na nguvu.

Bei hizo ni za daftari langu na zako zitatofautiana. Lakini njia ya hesabu ni moja. Usiulize kipuri ni shilingi ngapi, uliza ni shilingi ngapi kwa kilometa, na uhesabu pia kile kitakachoharibika pembeni yake.

Tazama pia kwamba hata kazi iliyofanywa vizuri haikurudisha miaka 11. Ilidumu miezi 20. Huo ndio umri wa haki kwa gari kuukuu linalobeba mzigo kwenye barabara zetu, na anayeahidiwa zaidi ya hapo ajiulize mara mbili.

Kipi ghali, kipi rahisi

Hii haina maana kwamba kila kipuri kinunuliwe cha bei ya juu. Mwenye gari la kazi anapaswa kugawa vipuri katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vya uhai: breki, boljointi, tairodi, tairi na bea za magurudumu. Hapa hakuna majaribio. Pedi ibadilishwe inapofikia unene wa milimita tatu, na mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili kwa sababu yanafyonza unyevu. Tairi ina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ikisomeka 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini mpira uliokwisha umri ni hatari kuliko inavyoonekana.

Kundi la pili ni vya injini: pampu ya maji, thamostati, gasketi, mikanda. Hapa linganisha bei na kazi ya kufungua. Kipuri cha Sh40,000 ambacho kukifikia kunahitaji kufungua nusu ya injini si kipuri cha kununua kwa kubahatisha.

Kundi la tatu ni vya starehe na sura: vitasa, vioo vya pembeni, mota za madirisha, taa za ndani. Hapa spea za mtumba kutoka Japan, au hata za bei ya chini, zinatosha kabisa.

Bushi na shokapu ziko kati ya kundi la kwanza na la pili. Zile za kuchongwa kwa mpira wa tairi zinaweza kukufikisha nyumbani ukiwa umekwama kijijini. Zisikae kwenye gari mwaka mzima.

Haki ya mnunuzi

Wanunuzi wengi wa spea hawadai risiti, ama kwa kuogopa bei kupanda au kwa haraka. Huko ni kutupa haki yako. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kuwa mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Bidhaa zenye alama za kughushi ni jukumu la Tume ya Ushindani (FCC), na za chini ya viwango ni la Shirika la Viwango (TBS). Vyombo vyote hivyo vitakuuliza swali moja kwanza: risiti iko wapi?

Aidha, unapobadilishiwa kipuri, omba cha zamani urudi nacho. Kitakuonyesha kilivyokufa. Bushi iliyochanika upande mmoja, pedi iliyoliwa kwa kupinda au tairi iliyoisha ukingoni ni barua inayokueleza tatizo liko wapi.

Lini uache kutengeneza?

Swali la mwisho ni gumu. Mtu atengeneze gari kuukuu hadi lini? Wakazi wa Mwanza wanao mfano mbele ya macho yao bandarini. Meli ya MV Victoria ilijengwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi ziwani mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama kutokana na uchakavu. Ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa uliojumuisha kuwekewa injini mpya.

Waliokarabati hawakuitupa meli nzima, na pia hawakuendelea kuibandika viraka injini zilizokwisha. Walitenganisha kinachofaa kubaki na kinachopaswa kuondoka. Gari ni hivyo hivyo. Kama bodi na chasisi ni nzima, bushi, shokapu na hata injini vinaweza kubadilishwa na hesabu ikakubali. Kama kutu imeshakula sehemu zinazoshika springi na mikono ya magurudumu, hakuna kipuri kipya kitakachodumu, kwa sababu kinafungwa kwenye chuma kilichokufa. Hapo ni kuuza kwa bei ya chuma chakavu na kuanza upya.

Gari langu bado linakwenda Magu mara mbili kwa wiki. Sasa linabeba matenga tisa badala ya 12, na linamwagiwa maji safi chini kila Jumapili. Fundi ni yule yule wa siku zote. Mwezi uliopita alipomaliza kazi aliniambia, "Mzee, hizi za sasa usiniulize miezi." Nilifungua daftari nikamsomea kilometa. Alicheka, akashusha jeki, ndipo akakaza boliti.